Mshale Uliofuata Matangazo ya Vifo

6 Novemba 1984, Maun

Joto la leo halina adabu. Chanjo zilikuwa ndani ya sanduku la barafu na mimi nilizionea wivu njia nzima. Tumekwenda Shakawe na kurudi kama kila Jumanne, rubani Gaolathe na mimi. Wakati wa kurudi tulimchukua bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho anayepelekwa hospitali. Hajafunga hata mkanda, kashaanza:

"Rubani, saa ya matangazo ya vifo ikifika utufungulie, mwanangu."

"Bibi, hii ni ndege, si sebule ya mtu."

"Kwa hiyo huku juu watu hawafi?"

Akafungua. Anafungua siku zote. Kuna kidude mbele yake chenye uso kama wa saa na mshale mmoja. Akizungusha kitufe, kinanasa redio ya taifa vizuri kuliko redio yangu ya nyumbani. Sote tukanyamaza tukisikiliza majina. Huku kwetu ukikosa mazishi ya ndugu, kusema hukusikia tangazo si udhuru. Matangazo yakaisha, Gaolathe akarudisha kitufe kwenye mlio wake anaoupenda, ti-ti-taa, ti-ti-taa, unaotoka kwenye mnara wa ishara wa hapa Maun. Sijui anauelewaje. Mimi unanipa usingizi.

13 Novemba

Mvua bado. Chanjo za surua zimekwisha, surua haijaisha.

20 Novemba

Wingu moja limetokea, likatuangalia, likaenda zake.

Dukani nimekutana na Kavindama, mlinzi wa mnara wa ishara. Ni Mmbukushu wa kule mtoni. Mjini wanamwita Bwana Usingizi, kwa sababu mwaka juzi mkuu wa uwanja wa ndege alimkuta amelala kando ya jenereta. Mwenye duka akampigia kelele: "Kavindama, umeamka? Karibu duniani!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Yeye akachukua mkebe wake wa majani ya chai, akatuaga kila mmoja kwa jina, akatoka.

27 Novemba

Mvua imefika, na imefika na hasira. Uwanja ni matope matupu.

Dereva wa lori amenipa salamu kutoka Serowe. Mjomba Ramontsho hawezi, miguu imevimba, hali chakula. Mjomba ndiye aliyenilea na kunisomesha baada ya mama kufariki, na kila mtu anayenijua anajua hilo. Nimejaribu simu ya posta mchana kutwa. Waya zimeangushwa na upepo. Kilichobaki ni redio.

5 Desemba

Nikingoja nitulie sitaandika kamwe.

Jana tuliondoka Shakawe mchana. Ndani tulikuwa Gaolathe, mimi mbele kando yake, na nyuma mwanamke mwenye mtoto aliyeungua maji ya moto. Upande wa kusini, njia ya nyumbani, mawingu yalikuwa yamesimama ukuta mzima. Gaolathe akazunguka moja, akazunguka la pili. "Leo tunacheza kibe na mawingu," akasema. Hakuwa na wasiwasi. Anazunguka, halafu anautazama ule mshale, anaufuata.

Saa ya matangazo ilipofika nilimwambia, "Rra, bwana wangu, tafadhali, nifungulie. Mjomba yu hoi." Hakutania. Akazungusha kitufe.

Jina lilikuwa la tatu. Ramontsho wa Serowe amefariki, atazikwa Jumamosi alfajiri. Wajulishwe ndugu zake wote, na Tebatso, nesi wa Maun, ajulishwe. Nilijulishwa hivyo, huko juu angani, nikiwa nimepakata sanduku la chanjo.

Nililia kama mtoto. Gaolathe akanipa kitambaa chake. Akaweka mkono begani mwangu, akaanza kunisimulia jinsi yeye alivyosikia kifo cha baba yake akiwa migodini, akaenda kukaa chooni ili wenzake wasimwone. Alizungumza taratibu, muda mrefu. Nilijifunika uso kwa kitambaa na kumsikiliza. Sijawahi kumpenda mtu asiye wa ukoo wangu kama nilivyompenda wakati ule.

Kisha akanyamaza ghafla. Nilifunua uso. Mawingu yalikuwa yamepasuka, na chini yetu, badala ya mito na visiwa vyetu, palikuwa na barabara nyeupe iliyonyooka katikati ya msitu, na magari ya rangi ya majani.

"Hapa si kwetu," akasema.

Hakuna asiyejua ni wapi. Kaskazini ya mpaka wetu kuna ule Ukanda, ulimi mwembamba wa nchi jirani, na Ukanda umejaa jeshi la Makaburu. Ndege isiyo yao hairuhusiwi hata kuuchungulia. Helikopta ilitokea upande wangu, karibu kiasi kwamba niliona masharubu ya askari aliyekaa mlangoni na bunduki kubwa. Alionyesha chini kwa kidole: tueni. Gaolathe aliangalia chini, akaangalia wingu lililokuwa kushoto kwetu, akasema, "Mama, mshike mtoto," na akatutumbukiza ndani ya lile wingu.

Walipiga. Nilisikia mlio kama wa mtu anayepasua shuka. Bawa la upande wangu likatoboka, nikaona mvua ikipita katika tundu. Mwanamke wa nyuma alikuwa akimwita Mungu kwa Kiyeyi, mimi kwa Kitswana. Nilijifunika tena, maana sikutaka kuona. Nilimsikia Gaolathe akisema kwa sauti, "Kavindama amelala! Amezima mnara, mjinga yule!"

Tulitua Maun mvua ikinyesha. Mtoto aliyeungua alikuwa amelala fofofo.

12 Desemba

Nimerudi kutoka Serowe. Tumemzika mjomba vizuri. Ng'ombe wawili, watu wengi, mvua ilituheshimu ikangoja hadi tulipomaliza.

Huku nimekuta mji unawaka. Makaburu wamelalamika kwa serikali yetu, serikali imemjia juu mkuu wa uwanja, Mokgwathi, na Mokgwathi amemsimamisha kazi Kavindama. Gaolathe ameeleza kwamba mnara ulikuwa kimya, na mshale ukikosa mnara unatangatanga. Kavindama anaapa kwamba jenereta haikuzimika. Nani amwamini?

Binafsi naona amepata anachostahili. Nilikaribia kuzikwa wiki moja na mjomba kwa sababu ya usingizi wa mtu.

25 Desemba

Krismasi. Wanawake wawili wamejifungua. Wote wamewaita watoto wao Pula, kwa ajili ya mvua hii.

8 Januari 1985

Maji. Barabara ya Shakawe imekatika, malori yamekwama Sehithwa. Sasa bila ndege hakuna kliniki. Gaolathe anapaa kila siku inayofaa na siku chache zisizofaa. Wagonjwa wanamwombea kwa jina kanisani.

Hafungui tena matangazo. Leo mzee mmoja amemwomba, akamkaripia: "Kaa kimya, nafanya kazi!" Mzee alinitazama. Nami nilishangaa, kwa sababu si tabia yake. Nikasema labda ni uchovu.

15 Januari

Gaolathe ana malaria. Leo nimepaa na Brent, Mzungu kijana aliyeajiriwa kusaidia, mwenye magoti mekundu na Kitswana cha salamu tu. Mama mmoja aliomba matangazo. Brent akauliza ni nini, nikamweleza, akacheka, akazungusha kitufe.

Nilikuwa nimekaa mbele. Mshale ulikuwa umeelekea mbele, kwenye mnara wa Maun. Sauti ya mtangazaji ilipoingia, mshale ukageuka. Uligeuka taratibu, ukapita kushoto, ukasimama ukiangalia mashariki.

"Kwa nini umegeuka?" nilimuuliza.

"Unafuata stesheni. Ukiuwekea mnara wa uwanja, unauonyesha mnara wa uwanja. Ukiuwekea redio, unaonyesha mlingoti wa redio. Ule mpya uko kule, upande wa Kasane."

"Na rubani akisahau kuurudisha?"

"Akisahau, anaenda kusalimia mlingoti wa redio." Akacheka peke yake.

Ukitoka Shakawe kuelekea Kasane unapita wapi, sikuhitaji Mzungu aniambie. Unakata Ukanda katikati.

16 Januari

Sijalala vizuri. Nimejaribu kukumbuka kama alirudisha kitufe. Nakumbuka kitambaa. Nakumbuka mkono begani. Mkono huo ndio ule anaozungushia kitufe.

19 Januari

Nimekwenda kumwona Gaolathe nyumbani kwake. Amekonda. Mkewe alinipa uji wa mtama akatuacha barazani. Nilimpima homa kwanza, nikampa vidonge, ndipo nikamuuliza.

"Ile siku, mnara ulikuwa umezimwa kweli?"

Alivuta blanketi mabegani.

"Nani kakwambia?"

"Mshale."

"Brent huyo. Mdomo wake hauna mlango." Akajifuta jasho. "Sikiliza, mdogo wangu. Niliposema Kavindama amelala nilikuwa naamini hivyo. Halafu nikagusa kitufe, nikasikia ti-ti-taa. Wazi kabisa. Wewe ulikuwa umejifunika uso."

"Kwa hiyo ulijua tangu mle winguni."

"Nilijua."

"Na ukaenda ofisini ukasema vile."

"Ulitaka niseme nini? Kwamba ndege ya serikali imetobolewa risasi kwa sababu nesi alikuwa analia, nikawa nambembeleza? Wangeniuliza nani aliomba redio. Jina lako lingefika mpaka Gaborone."

"Usinifanye mimi sababu."

"Sikufanyi sababu! Nakwambia ilivyokuwa." Alipandisha sauti, akaishusha. "Wakininyang'anya leseni, nani atapaa na wagonjwa wako? Yule mwenye magoti mekundu? Akiona wingu moja anarudi kunywa chai. Kavindama atapata kibarua kingine. Mlinzi ni mlinzi. Halafu kila mtu anajua analala."

"Siku ile alilala?"

Mkewe alirudi kuchukua bakuli, akaniuliza kama uji ulikuwa mtamu. Nikasema mtamu sana. Sikuwa nimeugusa.

22 Januari

Tumepaa, Gaolathe na mimi. Tumezungumza ya kazi tu. Amemtoa mwanamke mwenye mimba iliyotunga vibaya kutoka Gudigwa, katika uwanja ambao nusu yake ilikuwa bwawa. Hakuna mwingine angethubutu. Yule mwanamke yu hai sasa hivi ninapoandika.

24 Januari

Mvua.

29 Januari

Mvua. Nimeapa nitakwenda kwa Mokgwathi Ijumaa.

1 Februari

Ijumaa ndiyo leo. Nilikuwa na kazi nyingi. Huo ni uongo. Nilipanga upya kabati la dawa ambalo halikuwa na tatizo lolote.

2 Februari

Nimekwenda kwa Kavindama. Nilijiambia naenda kuangalia kifua cha mtoto wake. Nyumba ni ya serikali, chini ya mnara, na wamepewa amri ya kuhama mwezi ukiisha. Vyombo vimeshafungwa kwenye mablanketi. Mkewe alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza. Kavindama alikuwa juu ya paa akiziba tundu kwa lami.

"Unaziba nyumba unayofukuzwa?" nikamuuliza.

"Atakayekuja naye ana watoto, labda." Akashuka, akanawa mikono, akanipa kiti, akakaa juu ya dumu. Nilimuuliza kuhusu ile siku.

"Siku ile ilikuwa na radi. Siku ya radi siachi jenereta, maana ikikata, huko juu mtu anapotea. Nilisimama hapo hapo, nimevaa gunia kichwani. Nilijua mko njiani. Nilikuwa nangoja mlio wenu. Muda ukapita, sikuusikia. Nikamwambia huyu mke wangu, wale watu wamekufa. Tukakaa hapa tunawalilia."

"Mlitulilia?"

Mkewe alicheka akigeuza maandazi. "Huyu alilia, mama. Mimi nilikuwa na unga mikononi."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Ile mara waliyonikuta, nililala kweli. Mwanangu mkubwa alikuwa amefariki siku ile. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Walicheka tu. Kwa hiyo safari hii niliposema nilikuwa macho, nilijua watacheka."

Nilikuwa nimecheka mimi. Dukani, mbele yake. Nilikula andazi lake hadi likaisha. Niliona aibu ambayo siijui jina lake.

3 Februari

Nimemtumia Gaolathe ujumbe kupitia mkewe: kesho asubuhi naenda kwa Mokgwathi. Ukitaka kunitangulia, nitangulie.

4 Februari

Hakunitangulia.

Mokgwathi ni mtu mpole, na upole wake ulifanya jambo liwe gumu zaidi. Nilimweleza lote: matangazo, kilio changu, kitambaa, kitufe. Alisikiliza akichora miduara mezani kwa kidole.

"Nani aliomba redio?"

"Mimi."

"Na alisahau kwa sababu?"

"Kwa sababu alikuwa ananifariji."

"Mama Tebatso, unajua huyu bwana ndiye ndege yenyewe? Bila yeye ile ni bati."

"Najua kuliko wewe."

"Na bado unasema."

"Kavindama alikuwa amesimama kwenye mvua akitungoja," nikasema.

Mokgwathi akamwita karani wake aje kuandika.

12 Februari

Leseni ya Gaolathe imesimamishwa mpaka uamuzi utoke Gaborone. Kavindama amerudi kazini. Mablanketi yamefunguliwa, mkewe ameniletea maandazi. Mkono wangu ulikuwa mzito kuyapokea.

Brent amepaa mara moja wiki nzima. Wingu, akarudi.

19 Februari

Hakuna ndege. Mtu mmoja kutoka Seronga amekufa kwa kichaa cha mbwa, angekufa hata kama ndege ingekuwepo; nimejirudia hilo kutwa nzima. Kwenye foleni ya kliniki mama mmoja alisema kwa sauti ya kunifikia: "Huyu ndiye aliyetunyang'anya rubani. Analipwa na nani?" Nilimdunga sindano mwanawe, na nilimdunga taratibu.

27 Februari

Jana asubuhi redio ya polisi ya Shakawe iliita. Mwanamke amekaa uchungu siku mbili, mtoto ametanguliza mkono. Brent akatazama mawingu, akatazama ramani, uso mweupe kuliko kawaida.

"Siijui njia ya chini ya mawingu," akasema. "Kila kisiwa ni sawa na kingine."

Mokgwathi akanitazama. Nami nikajua anachofikiri, ila hakuna kati yetu aliyetaka kukisema. Kilisemwa na Kavindama, aliyekuwa amekuja kuchukua dizeli. "Gaolathe wamemkataza kuendesha. Wamemkataza kukaa?"

Kavindama mwenyewe ndiye aliyepanda baiskeli kwenda kumwita. Sijui walizungumza nini. Walirudi pamoja, Gaolathe mbele anaendesha, Kavindama kapakiwa nyuma, wote wamelowa chapachapa.

Gaolathe alikaa kiti cha kulia, mikono kaipachika kwapani ili isiguse kitu. Mimi nilikaa nyuma. Hakunitazama. Tulipaa chini ya mawingu, chini sana, matete yanainama. Alikuwa akizungumza na Brent tu. "Fuata mfereji huu. Ukiona mti uliokufa wenye kiota, kushoto. Sasa viboko wale, waache kulia kwako. Usiutazame mshale, radi inauchezea. Nikikwambia utazame, utautazama."

Tulimkuta yule mwanamke bado anapumua. Wakati wa kurudi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, mkono wangu kwenye tumbo lake, nikimsihi asisukume. Wingu likashuka likatufunika. Nilisikia sauti ya Brent ikipanda. Kisha nikamsikia Gaolathe.

"Sasa. Sasa utazame. Sikiliza kwanza. Unasikia?"

Ti-ti-taa. Nilisikia hata mimi.

"Huyo ndiye Kavindama. Mfuate."

Mwanamke alipasuliwa hospitali jioni. Mama mzima, mtoto mzima.

Nilipotoka nilimkuta Gaolathe barazani, anangoja mvua ipungue. Nilikwenda kusimama mbele yake. Nilikunja mikono kama inavyompasa mdogo anapomsalimia mkubwa, nikafungua mdomo.

"Ngoja," akasema. "Ulisema kweli. Ningekuwa mimi ni Kavindama ningekushukuru. Lakini mimi si Kavindama. Mke wangu anauza mbuzi wetu tupate kula. Kwa hiyo usinisalimie kwanza, mdogo wangu. Ukinisalimia nitalazimika kuitikia, na bado siwezi kuitikia kwa moyo. Siku nikiweza, nitaanza mimi."

Nikashusha mikono. Alivaa kofia akatoka mvuani.

9 Machi

Mvua zinaishia. Barabara imefunguliwa. Gaborone hawajaamua.

Nimemkuta Gaolathe dukani leo, amesimama karibu na magunia ya unga. Duka lilikuwa limejaa. Nilimsalimia mwenye duka, nikawasalimia wazee benchini mmoja mmoja, nikamsalimia hata mtoto aliyekuwa akilia. Nilimfikia yeye, nikampita nikiwa nimefunga mdomo kama alivyoniomba, na nikasikia watu wakivuta pumzi. Huku kwetu mtu hufanyiwa hivyo na adui yake, au na kichaa. Alikuwa akitazama magunia. Sikuona uso wake.

Alipotoka, mwenye duka aliegemea kaunta.

"Nesi, mtu amekupakia angani miaka yote hii, humpi hata salamu ya dumela? Siku hizi umekuwa na majivuno?"

Benchi zima liligeuka kunisikiliza.

"Ndiyo," nikasema. "Nipe sukari."